Kidari, Makaa na Mkate: Historia ya Nyama ya Moto Mdogo Kigali

Kidari ni nyama ya kifua cha ng'ombe, sehemu iliyo kati ya miguu miwili ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga, kwa hiyo misuli ya kifua ndiyo inayoshikilia sehemu ya mbele ya mwili, ambayo hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake asimamapo na atembeapo. Kazi hiyo ya maisha yote huijaza nyama ya kidari nyuzi nene na kolajeni nyingi. Ikibanikwa haraka hukauka na kumshinda mlaji. Ikikaa kwenye moto mdogo saa nne, tano au zaidi, kolajeni hulainika na kugeuka jelatini, na nyama ile ile huchambuka kwa uma. Katika nyumba za Kigali, mji mkuu wa Rwanda, kidari hupikwa ndani ya sufuria nzito juu ya imbabura, yaani jiko la makaa, na siku hizi zipo familia zinazokikata vipande vyembamba na kukitia katikati ya mkate pamoja na mchuzi wake.

Mlo huo ni wa juzi, lakini vitu vinavyouunda vina umri tofauti. Chungu na moto wa subira ni vya kale kuliko mji wenyewe. Mchinjaji wa kulipwa na bucha vilikuja na mji. Ngano ilipandwa na wamisionari. Ng'ombe alikuwepo siku zote, na ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko vyote kufika sahanini.

Katika Rwanda ya wafalme, ng'ombe hakufugwa kwa ajili ya nyama. Alikuwa mali, mahari, malipo ya fidia, na kifungo cha uhusiano kati ya mtu na mtu. Mfumo wa ubuhake ulisimama juu yake: bwana, aliyeitwa shebuja, alimpa mtu wa chini yake ng'ombe mmoja au zaidi, na aliyepewa akawa mugaragu, mtu wa kumtumikia na kulindwa naye. Mugaragu alikunywa maziwa, na kwa kawaida alifaidi ndama dume na nyama ya ng'ombe aliyekufa. Ng'ombe jike na uzao wake wa kike walibaki mali ya shebuja. Kwa maneno mengine, sheria ya ubuhake ilikwisha kuamua mapema nyama gani italiwa: ya madume, ya wazee na ya waliokufa. Hiyo ni nyama ngumu, na nyama ngumu ina dawa moja tu jikoni.

Waliotukuzwa kupita wote ni inyambo, ng'ombe wa mfalme wenye pembe ndefu zinazopanda juu na kupinda, jamaa wa ng'ombe wa Ankole wanaojulikana pia Uganda na Karagwe. Walifundishwa kutembea kwa mwendo wa fahari mbele ya mfalme, wakavishwa shanga, na kila kundi likawa na mtunzi wake wa tenzi za sifa. Padre Alexis Kagame, mwanahistoria wa Rwanda aliyeishi kati ya 1912 na 1981, alitumia miaka mingi kuziandika tenzi za ikulu ili zisipotee na wazee waliozihifadhi kichwani. Makumbusho ya Ikulu ya Nyanza bado hufuga inyambo na kuwaimbia mbele ya wageni. Ng'ombe mwenye jina lake na sifa zake haendi machinjioni kwa wepesi, na heshima hiyo kwa mnyama inaeleza mengi kuhusu uhaba wa nyama katika nchi iliyojaa mifugo.

Hata ulaji wenyewe ulifunikwa. Kwa watu wa tabaka la juu, chakula cha kujivunia mbele ya wageni kilikuwa maziwa na pombe. Chakula kigumu kililiwa faraghani, na kula hadharani kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mabaki ya desturi hiyo yako wazi mpaka leo. Ni nadra kumwona mtu mzima akila huku anatembea katika mitaa ya Kigali. Ndiyo maana mkate wa nyama, chakula kilichozaliwa kwingineko kwa ajili ya mtu mwenye haraka, Kigali umekuwa chakula cha mezani, ndani ya nyumba, na mara nyingi cha siku ya mapumziko.

Nyama ilipopatikana, ilichemshwa. Chungu cha udongo, kinachoitwa inkono, kilifinyangwa zaidi na Batwa, mabingwa wa ufinyanzi katika nchi hiyo. Kiliwekwa juu ya mafiga matatu, moto wa kuni ukapunguzwa, na nyama ikaachwa na ndizi au maharage mpaka jioni. Chumvi ilikuwa ya thamani, kwani sehemu yake kubwa ilitoka mbali, katika maziwa ya chumvi ya Katwe karibu na Ziwa Edward, ikabebwa na wachuuzi kwa miguu kupita milima. Chungu cha udongo hushika joto na kulitoa polepole, jambo linaloifaa nyama yenye kolajeni kuliko chombo chochote chembamba cha bati. Mpishi wa zamani hakuwa na haja ya kipimajoto. Alikuwa na chombo kisichojua kufanya haraka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe wengi sana, Rwanda ikiwamo. Mifugo ilikuwa bado inajijenga upya pale Wajerumani walipoingia. Mmoja wao alikuwa Richard Kandt, daktari na mpelelezi aliyefika nchini mwaka 1898 akitafuta chanzo cha Nile na kukifuatilia hadi msitu wa Nyungwe. Mwaka 1907 akawa Rezidenti, yaani mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, wa kwanza wa Rwanda, akachagua kilima cha Nyarugenge, katikati ya nchi, kuwa makao ya utawala wake. Huko ndiko Kigali ilikoanzia. Nyumba inayohusishwa naye sasa ni makumbusho.

Pamoja na ofisi ya Rezidenti walikuja askari, makarani, wapagazi, na wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili. Wengi wao walitoka pwani, Tabora, Ujiji na Bukoba. Bidhaa kubwa ya kusafirisha nje ilikuwa ngozi za ng'ombe na mbuzi, zilizobebwa hadi Bukoba na kuvushwa Ziwa Viktoria ili kupakiwa kwenye reli ya Uganda. Wenyeji waliletewa nguo, shanga na chumvi, nao walitoa ngozi. Biashara hiyo ilimpa mnyama bei ya fedha, na haikuangalia tenzi zake wala ukoo wake.

Wakazi wa mji huo mdogo waliishi mbali na mazizi ya kwao. Hawakuwa na shebuja wa kuwapa ng'ombe, wala jirani wa kuwagawia nyama ya sherehe. Walihitaji mtu wa kuchinja na kuuza. Waislamu wa Kigali waliichukua kazi hiyo kwa sababu iliyo wazi kote Afrika Mashariki: Mwislamu hali mnyama aliyechinjwa bila kufuata sheria ya dini yake, ilhali jirani yake Mkristo anaweza kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Mchinjaji mmoja Mwislamu hutosheleza wateja wote, na muuza nyama hana hasara ya kukosa nusu ya soko. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote nchini, ulijengwa mwaka 1913, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ikakua kuwa makao ya Waswahili wa Kigali, kwa maana ya Waislamu wenye asili mbalimbali waliozungumza Kiswahili mjini.

Jiko la Biryogo lilikuwa na elimu yake. Watu wa pwani walileta pilau, sambusa, chapati, bizari, iliki na mdalasini. Walileta pia ufundi wa kupalia: kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko cha sufuria ili joto litoke juu na chini kwa pamoja. Pwani hutumika kwa wali na kwa mikate ya mchele, lakini ufundi huo huo unampa tanuri mpishi asiye nayo. Kwa kidari ni hazina. Nyama iliyopaliwa haichemki tu ndani ya maji. Sehemu yake ya juu hupata rangi na harufu ambayo maji peke yake hayawezi kuitoa.

Wabelgiji waliuteka mji wa Kigali mwezi Mei 1916. Vita viliambatana na kunyang'anywa mifugo na chakula kwa ajili ya majeshi, na njaa ya Rumanura iliyofuata iliua watu wengi. Baadaye utawala mpya uliwatenga Waswahili katika makazi yao, ukawatilia shaka kwa dini yao, na kuwaachia biashara, udereva, ufundi na nyama. Kutengwa huko ni dhuluma ambayo historia ya mji haipaswi kuipita kimya. Ila kulikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyapanga: ujuzi wa kuchinja, kukata na kupika nyama ya ng'ombe uliwekwa mahali pamoja, ukarithishwa kutoka baba hadi mtoto ndani ya mitaa michache.

Upande wa pili wa mji, katika nyumba za Wazungu, wapishi wa Kinyarwanda walijifunza mapishi ya Ubelgiji. Mojawapo ni karbonade ya Waflandaria, nyama ngumu ya ng'ombe inayokaangwa kwanza mpaka ibadilike rangi, kisha ikapikwa kwa saa kadhaa ndani ya bia na vitunguu vingi, na kipande cha mkate kilichopakwa haradali kikazamishwa sufuriani ili kuufanya mchuzi uwe mzito. Bia ya kienyeji ya chupa ilipatikana baada ya kiwanda cha Bralirwa kuanzishwa Gisenyi mwaka 1957. Wapishi hao waliporudi nyumbani kwao jioni walirudi na mikono iliyojua mambo mawili ambayo chungu cha zamani hakikuyahitaji: kukaanga nyama kabla ya kuitia maji, na kuuacha mchuzi ukauke uwe sosi. Maneno ya jikoni ya Kigali bado yana alama ya wakati huo. Viazi vya kukaanga ni ifiriti, nyama ya mishikaki ni burusheti, na nyama laini isiyo na mfupa huuzwa kama iroti, kwa bei ya juu kuliko ile ya mchanganyiko wenye mifupa.

Mkate ulifuata barabara ya misheni. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifungua kituo chao cha kwanza Rwanda huko Save mwaka 1900, na ngano ilihitajika kwa hostia na kwa meza yao. Ilistawi kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mtama haukufanya vizuri. Hata hivyo kwa miongo mingi mkate ulibaki chakula cha misheni, cha nyumba za maofisa na cha wachache wa mjini. Mnyarwanda wa kawaida alikula maharage, viazi vitamu, ndizi, mtama na, kadiri miaka ilivyokwenda, viazi mviringo na muhogo. Kitu kilichokaribia zaidi mkate wa nyama kilikuwa chapati ya Nyamirambo, inayochanwa kwa mkono na kuchovywa kwenye mchuzi wa ng'ombe. Mtu akitafuta asili ya kweli ya mlo huu Kigali, aanzie kwenye chapati hiyo kabla ya kwenda Ulaya au Marekani.

Mwaka 1954 Mfalme Mutara III Rudahigwa aliufuta ubuhake. Ng'ombe waligawanywa kati ya mabwana na waliokuwa watu wao, na kwa mara ya kwanza maelfu ya Wanyarwanda wakawa na ng'ombe ambao wangeweza kuwauza bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa historia ya nyama, mwaka huo una uzito kuliko mwaka wa uhuru. Ng'ombe alianza kupita sokoni kama bidhaa, kutoka kwa mwenye mali hadi kwa mnunuzi. Lakini mgawanyo huo ulikuja wakati nchi inaelekea kwenye machafuko. Kuanzia 1959 Watutsi waliuawa na kufukuzwa, nyumba zao zikachomwa, ng'ombe wao wakachinjwa, na mamia ya maelfu wakawa wakimbizi Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo.

Kigali ilipofanywa mji mkuu wa nchi huru tarehe 1 Julai 1962, ilikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 1991 ilikuta takriban 235,000. Mji uliokua kwa kasi hiyo ulijaza vilabu vya pombe, na kwenye vilabu hivyo burusheti ikawa chakula cha mji: mbuzi zaidi, ng'ombe mara kwa mara, akabenzi ya nguruwe kwa wanaokula, na zingalo, yaani matumbo ya mbuzi yaliyosokotwa kwenye kijiti. Huambatana na ndizi au viazi vya kuchoma na pilipili kali.

Burusheti inahitaji moto mkali na nyama inayoiva ndani ya dakika chache. Kidari hakiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo nyama ya mji iligawanyika njia mbili. Vipande laini vilikwenda kwenye vilabu na mahoteli. Kidari, shingo, miguu na mbavu vilibaki kwa mama wa nyumbani, vikakatwakatwa pamoja na mifupa na kupikwa supu, au agatogo, ndizi mbichi zinazotokoswa na nyama na mboga. Bei nafuu ilikilinda kidari. Kilikuwa nyama ya watu wenye familia kubwa na makaa ya kutosha, na wanawake wa Kigali walikijua vizuri kabla ya yeyote kukiwekea jina la kigeni.

Makaa nayo yana historia. Mikaratusi iliyoletwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea milimani, na ndiyo iliyowapa wakazi wa Kigali makaa yao. Imbabura ya bati, na baadaye majiko bora yenye kuta za udongo yanayotunza joto, yakachukua nafasi ya mafiga. Jiko la udongo likijazwa makaa na mdomo wake wa hewa ukazibwa nusu, linaweza kushika moto mdogo kwa muda mrefu bila kuguswa. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 95 hivi, chini kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Tofauti ya nyuzi tano inaonekana ndogo, lakini mpishi aliyehamia kutoka pwani huiona mara moja: maharage hukawia, na nyama ngumu hukawia zaidi. Subira ya mapishi ya Kigali imeamriwa na milima.

Mwaka 1983 Sina Gérard alianza kuoka na kuuza mikate na maandazi Nyirangarama, kando ya barabara ya Kigali kwenda Ruhengeri, mji ambao sasa ni Musanze. Wasafiri wa basi walikuwa wateja wake. Kutoka kwenye duka hilo ilikuja baadaye Akabanga, mafuta ya pilipili katika kichupa cha kudondoshea ambacho sasa kiko karibu kila meza ya Rwanda. Mkate wa bei ya mtu wa kawaida na pilipili ya tone moja ni nusu ya mlo unaozungumziwa hapa, na vyote viwili vilitoka kwa mwokaji mmoja wa kando ya barabara.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu rasmi ya Rwanda. Ng'ombe wa waliouawa walichinjwa na kuliwa na wauaji. Katika nchi ambamo ng'ombe alikuwa alama ya udugu, tendo hilo lilikusudiwa kufuta hata kumbukumbu ya familia, na manusura wengi wamelisimulia kwa uchungu wa pekee. Historia ya nyama nchini Rwanda inabeba jambo hilo.

Baada ya Julai 1994 wakimbizi wa miaka ya zamani walirudi, wengi kutoka Uganda, wakiwa na makundi makubwa ya ng'ombe wa Ankole. Yalijaa nyanda za mashariki, Umutara na pembezoni mwa Hifadhi ya Akagera, hadi mwaka 1997 serikali ilipoipunguza hifadhi hiyo na kutoa sehemu kubwa ya ardhi yake kwa wafugaji na walowezi. Huko mashariki, wilaya ya Nyagatare hasa, ndiko wanakotoka ng'ombe wengi wanaofika Kigali. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, ukawagawia familia maskini ng'ombe mmoja mmoja wa maziwa, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Mpango huo ni wa maziwa na samadi. Hata hivyo kila jike anayetoa maziwa huzaa pia madume, na madume huishia bucha.

Waliorudi hawakuleta ng'ombe peke yao. Wa Uganda walileta rolex, chapati inayoviringishwa na mayai. Wa Kongo na Burundi walileta mapishi yao ya mboga na samaki. Waliotoka Tanzania na Kenya walileta mazoea ya chai ya maziwa na mkate asubuhi. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata Nakumatt ya Kenya ilifungua duka Kigali, likiwa na mikate iliyokatwa tayari na nyama iliyopozwa kwenye vioo. Bakhresa wa Tanzania naye alijenga kinu cha ngano Kigali, na unga wa Azam ukawa wa kawaida kwa waokaji wadogo na wakubwa. Mwaka 2017 Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Kwa watu wa Biryogo, waliokuwa wakikisema sokoni na machinjioni kwa zaidi ya miaka 100, ilikuwa haki iliyochelewa.

Badiliko lililoigusa nyama yenyewe lilitokea kwenye uchinjaji. Kigali hupata sehemu kubwa ya nyama yake kupitia machinjio, ile ya Nyabugogo ikiwa maarufu zaidi. Amri za wizara za mwaka 2010 ziliweka masharti ya uchinjaji, ukaguzi, usafirishaji na uuzaji wa nyama. Baadaye wakaguzi waliwabana wenye bucha waache magogo na mapanga, watumie misumeno na meza zinazosafishika, na nyama ikae kwenye baridi kabla ya kuuzwa. Wauzaji wadogo walilalamikia gharama, na malalamiko yao yalikuwa na msingi: mashine ya kukatia na chumba cha baridi si vitu vya mtaji mdogo. Kwa mpishi wa kidari, hata hivyo, faida ni kubwa. Ng'ombe akishachinjwa misuli yake hukakamaa kwa saa nyingi, na nyama inayopikwa katika hali hiyo hubaki ngumu hata baada ya muda mrefu motoni. Ikipumzishwa kwenye baridi siku moja au zaidi, huanza kulegea yenyewe. Msumeno nao hutoa kidari kizima, chenye umbo lake, mahali ambapo panga lilitoa vipande vya supu.

Mkate wa kidari kama unavyojulikana duniani una wazazi kadhaa. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikipika kidari kwa sikukuu kwa sababu kilikuwa rahisi na kilitoka sehemu ya mbele ya ng'ombe, ambayo sheria zao huiruhusu bila kazi ngumu ya kuondoa mshipa mkubwa wa paja. Wahamiaji wao walikifanya nyama ya chumvi ya London na nyama ya moshi ya Montreal, zote zikiliwa ndani ya mkate na haradali. Katikati ya Texas, bucha za wahamiaji Wajerumani na Wacheki zilikausha kwa moshi nyama isiyouzika haraka, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 kidari kikawa fahari ya jimbo hilo, kikipikwa kwa saa 12 au zaidi. Kote huko hadithi ni moja: nyama ya bei ya chini, watu wasio na fedha nyingi, na muda. Wanyarwanda waliorejea kutoka Marekani, Kanada na Ubelgiji walikuja na hamu ya mlo huo, wakakuta nyama yake iko bucha tayari, inauzwa kwa supu.

Ng'ombe wa Kigali si yule wa Texas. Ankole hukua kwa majani, hutembea sana, na mara nyingi huchinjwa akiwa na umri mkubwa. Kidari chake ni chembamba, kina mafuta machache na kolajeni iliyokomaa. Kikiwekwa kwenye joto kavu la moshi kwa nusu siku hukauka kabla hakijalainika. Sufuria iliyofunikwa, yenye kimiminika kidogo, ndiyo inayokifaa, na hapa desturi ya nyumba za Kigali ina hekima kuliko kuiga kwa upofu.

Kidari cha kilo mbili au tatu hupakwa chumvi usiku wa kuamkia siku ya kupikwa. Asubuhi hukaushwa kwa kitambaa na kukaangwa pande zote kwenye mafuta machache mpaka kiwe na rangi ya kahawia. Vitunguu vingi hufuata, kisha vitunguu saumu, nyanya, karoti na majani ya seleri, ambayo Kigali hayakosi katika mchuzi wowote wa nyama. Maji, au bia kwa wanaoitumia, hutiwa mpaka yafikie theluthi ya kimo cha nyama, yasiifunike. Makaa hupunguzwa, mengine hufukiwa majivu, na machache hupaliwa juu ya kifuniko. Mchuzi unapaswa kutokota kwa mapovu ya hapa na pale. Ukichemka kwa nguvu, nyuzi za nyama hujikunja na kutoa maji yake yote. Nyama hugeuzwa kila baada ya saa moja hivi. Kwa ng'ombe mzee wa Ankole saa tano si nyingi. Uma ukizama na kuzunguka bila kung'ang'ania, nyama imekubali, na imepungua kwa theluthi moja au zaidi ya uzito wake.

Huachwa itulie ndani ya sufuria nusu saa, kisha hukatwa kwa kukingamana na nyuzi. Hatua hiyo ndogo ndiyo inayoharibiwa mara nyingi: ikikatwa kufuata nyuzi, hata nyama iliyoiva vizuri hutafunika kwa shida. Mchuzi huchujwa na kukaushwa mpaka ushike kijiko. Mkate mrefu wenye ganda, wa namna ya Kibelgiji, unastahimili mchuzi kuliko ule laini wa kukatwa tayari, na chapati nene ya Nyamirambo inafaa vilevile. Kabichi iliyokatwa nyembamba na kulowekwa kwenye siki na chumvi hupunguza uzito wa mafuta, na tone moja au mawili ya Akabanga hutosha kwa mkate mzima.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 jijini Kigali, na gesi ya mitungi inazidi kuchukua nafasi ya makaa katika majiko yao. Gesi hupika kidari vizuri ikiwa mwali umeshushwa hadi mwisho na sufuria ni nzito, ingawa haina makaa ya kupalia, na wapishi wengi huimalizia nyama kwenye tanuri au huacha imbabura moja kwa ajili ya siku kama hiyo. Bucha nyingi za mitaani bado hukikatakata kidari kwa ajili ya supu mara soko linapochangamka. Anayekitaka kizima hufika asubuhi mapema, au humwagiza mwenye bucha siku moja kabla.